Nani kasema maisha yanaanza siku ya joho?

Najua nimepotea kitambo, mtanivumilia. Hii ni semista ya mwisho na ripoti ya utafiti imenikaba koo. Ila leo nimekaa hapa kwenye kimbweta, upepo wa Dodoma unanipeperushia karatasi, nikasema lazima niandike maana nikinyamaza nitapasuka.

Wiki iliyopita sie wa mwaka wa 3 tuliletewa mgeni wa kutupa nasaha. Mtu mzima, suti safi, anaongea vizuri tu. Simtaji jina na ofisi yake siitaji, kwa sababu aliyoyasema si yake peke yake. Wajomba wanayasema, walimu wanayasema, mpaka makonda wa daladala. Alisema hivi: "Teseka miaka 3, ule miaka 30." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kesho yake nikakuta jamaa wa chumba cha jirani kaiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika mlangoni.

Basi ugomvi wangu leo ni na hiyo karatasi.

Nasema ni hesabu mbovu. Tena mbovu kotekote: miaka 30 haina mdhamini, na miaka 3 si mali ya kutupa.

Tuanze na hiyo 30. Mie nasoma takwimu, na swali tunaloulizwa kila kukicha darasani ni hili: sampuli yako umeitoa wapi? Mgeni wetu aliteseka, akala. Sawa, hongera yake. Lakini wale walioteseka miaka 3 wakatoka na bahasha ya kaki wakaizungusha Dar mpaka ikachakaa, hao nani anawaita ukumbini kutoa nasaha? Hakuna anayewaita. Kwa hiyo kila mwaka tunasikiliza sampuli ya waliopata tu, halafu tunaiita "siri ya mafanikio". Ukiandika hivyo kwenye asaimenti mwalimu anakupa sifuri, na ni haki yake.

Sasa tazameni takwimu za kweli. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Waliojitokeza ni zaidi ya 10,000, ikabidi usaili ufanyikie Uwanja wa Taifa! Uwanja wa mpira, jamani. Gawanya mwenyewe, kila nafasi moja inagombewa na watu zaidi ya 140. Juni 2016 serikali ikasitisha ajira mpya ili ihakiki watumishi hewa na vyeti. Waliomaliza mwaka ule walikuwa wameteseka ipasavyo, wakaambiwa wasubiri. Machi 2025 TRA nao wakafanya usaili wa nafasi 1,596, walioitwa ni zaidi ya 100,000. Sisemi serikali mbaya wala nzuri, mie naongelea foleni. Foleni ya namna hii huwezi kuiita "njia ya uhakika", halafu anayetafuta njia nyingine umwite mcheza kamari. Kamari ipi kubwa kuliko hiyo?

Na ukishapata je? Walioahirisha furaha mpaka kazi wanakuja kuiahirisha tena mpaka kustaafu. Huko nako mnakumbuka kikokotoo. Mwaka 2018 ilikuja kanuni kwamba mstaafu apewe mkupuo wa asilimia 25, kelele zikapigwa nchi nzima hadi Desemba ileile Rais akaisitisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanapiga hesabu upya za nyumba ambazo kichwani walishazipaua.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 34. Nyumbani kwake Kongwa kuna zeze limetundikwa ukutani, la babu. Tangu nikiwa mdogo tukimwomba atupigie anasema, "Nikistaafu, wanangu, nitapiga mpaka mchoke." Hakuwa mvivu wala mbahili. Alikuwa anasahihisha madaftari, analima uwele, anasomesha watoto wa watu, mie nikiwemo. Alistaafu. Mwaka uliofuata akapata kiharusi na mkono wa kushoto haushiki nyuzi tena. Zeze bado lipo palepale ukutani. Mtu akiniambia "furaha zina wakati wake" mie ukuta ule ndo unaonijia.

Sasa msije mkadhani nalia na baba mdogo tu. Tazameni mji huu tunaokaa. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mpango ulikuwa wa miaka 10. Miaka 10 ikapita. Ikapita 20. Bunge lilikuja 1996, wizara zikabaki Dar. Ni Julai 2016 ndo Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na sheria ya kuutambua mji huu kuwa makao makuu ikaja 2018. Kuanzia 1973 mpaka 2016 ni miaka 43. Sasa niambieni, mtu wa Dodoma angejiambia "ngoja serikali ihamie ndo nianze kuishi", si angezikwa hajaishi? Lakini wazee wetu hawakusubiri. Walioa, walicheza ngoma, walivuna zabibu, walikula mlenda wao wakacheka. Mji uliokuwa unaitwa "makao makuu yajayo" ulikuwa na watu wa leo ndani yake. Serikali ilipofika ilikuta mji unaishi tayari.

Halafu kuna hili la njia. Watu wakisikia "fanikiwa kwa njia yako mwenyewe" wanafikiria Marekani, wanafikiria vijana walioacha chuo wakaenda kutengeneza kompyuta kwenye gereji. Ya nini kwenda mbali hivyo? Hapahapa Ugogoni kulikuwa na mzee anaitwa Hukwe Zawose. Mpiga marimba, zeze, muimbaji. Kwa mizani ya mgeni wetu wa suti, kijana wa Kigogo anayekaa kutwa anapiga marimba ni mzururaji. Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, akapiga kwenye kundi la taifa, baadaye Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza, ile ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoa albamu yake ya Chibite. Dunia nzima imemsikia Mgogo akiimba Kigogo. Alifariki Desemba 2003.

Na hadithi haijaishia hapo. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu kwa kampuni ileile. Wanawake ambao kwa desturi walikuwa waitikiaji wa nyuma, sasa wao ndo wako mbele. Mnajua waliipa jina gani? Maisha. Basi.

Mwingine ni Dk. Kedmon Mapana, mtoto wa kijiji cha Nzali, Chamwino. Huyu hakukimbia shule hata kidogo, alisoma mpaka udaktari. Ila alichosomea ni muziki wa watoto wa kijijini kwao. Hebu jiweke kwenye kiti cha mjomba wake: "Yaani umeenda chuo kikuu kusomea ngoma tulizokucheza nazo hapa uani?" Mwaka 2009 akaanzisha tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, na baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA. Kama hujawahi kufika kwenye lile tamasha ukaona akina mama wakipiga muheme, ngoma wameibana katikati ya miguu, wewe miaka 3 umekaa Dodoma ila Dodoma haijakaa kwako.

Ninachowaonesha hapa si kwamba wote tuwe wanamuziki. Mie mwenyewe nikiimba mbwa wanahama. Ninachosema ni kwamba kwa watu hawa kazi na raha hazikuwekwa kwenye masanduku mawili, moja la sasa la mateso na lingine la baadaye la kula. Anayepiga marimba anafurahi LEO anapopiga, na kupiga kwa leo ndo kunamfanya awe hodari kesho. Ukimwambia aache kufurahi mpaka afanikiwe umemnyang'anya na hayo mafanikio yenyewe.

Kama hampendi ngoma basi tuongee riadha. Kwenye mbio za mita 1500 ujanja unaojulikana ni kubebana. Unajificha nyuma ya wenzio, unatunza pumzi, unasubiri mzunguko wa mwisho ndo uchomoke. Teseka sasa, ule mwishoni! Februari 2, 1974, Christchurch kule New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wetu akakataa. Akatoka mbele tangu mwanzo, akaongoza mbio nzima, na watu waliozoea kubebana wakimsubiri achoke. Hakuchoka. Dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka kamba akawa wa pili, na hata yeye muda wake ulikuwa chini ya rekodi ya zamani. Sasa nisikilizeni vizuri: Bayi hakutoka mbele kwa sababu hakuwa na nidhamu. Ili utoke mbele vile na ufike, mazoezi yako lazima yawe mazito kuliko ya anayejificha.

Hapo ndo nafika kwa watu wangu wa bata, maana najua mmeshaanza kushangilia. Tulieni, zamu yenu imefika.

Nikisema tufurahie leo sisemi bumu likiingia Ijumaa, Jumatatu uwe unakopa chumvi. Mzazi mwingine kauza ng'ombe ili wewe uwe hapa. Bumu lenyewe ni mkopo, utalilipa kwa jasho. Kuunguza fedha ya semista nzima wikiendi moja halafu kubaki unadoea wali wa wenzio si kufurahia leo. Ni kuiuza wiki kwa usiku mmoja, tena kwa bei ya hasara. Na mkishakula disko mkaambiwa mfungashe virago msije mkanitaja mie.

Wazee wa mikeka nanyi vilevile. Mnasema ile ndo njia yenu isiyo ya kawaida. Hakuna kitu! Mie nawaona usiku, mmeinamia simu mnaangalia mechi ya timu ambazo hata mji zinakotoka hamuwezi kuutaja, mnaomba kona ya dakika ya 90. Hiyo ni furaha? Mtu wa mkeka haishi leo hata kidogo, anaichukia leo anataka kuiruka. Ni mwanafunzi mzuri kabisa wa yule mgeni wa suti, tofauti yake ni kwamba yeye anataka kuteseka dakika 90 ale miaka 30. Ndo yaleyale ya DECI, ya "kupanda na kuvuna". Mwaka 2009 ilipofungwa watu walikuwa wamepanda mpaka ada za watoto. Njia ya mkato na njia yako mwenyewe ni vitu viwili tofauti. Njia yako unaitembea kwa miguu na unaona miti njiani.

Na kuna waliotaka mkato kwenye vyeti. Aprili 2017, hapahapa chuoni kwetu, ukumbi wa Chimwaga, Rais alikabidhiwa ripoti ya uhakiki. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Mnaelewa maana yake? Nchi ilivyokuwa imesadiki kwamba mtu ni karatasi, watu karibu elfu 10 wakatengeneza karatasi. Tukiendelea kufundishana kwamba miaka ya kusoma ni kero tu ya kupita ili ufike kwenye ulaji, tusishangae mtu akiiruka.

Sasa mtaniuliza, na wewe mwenyewe unafanya nini, au kelele tu?

Haya. Mwaka jana mie na washikaji wangu wawili, mmoja wa Elimu na mmoja wa Informatikia, tulianza kwenda Hombolo Jumamosi kwa mzee mmoja mwenye shamba la zabibu. Tulienda kwa sababu tulikuwa tunazipenda zabibu na hatuna hela, nisiwadanganye. Mzee akatupa mikasi. Mnajua kwamba huku Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka? Kule Ulaya baridi ikija mzabibu unalala, unazaa mara moja tu. Huku hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anaupogoa, anaupa maji, unachipua na kuzaa tena. Kwenye nchi kavu hii ambayo vitabu vya jiografia vinaiita nusu jangwa!

Tumejifunza kupogoa. Tumejifunza pia kukausha. Jua la hapa mnalijua, halihitaji mashine, tunatandika kichanja, tunafunika chandarua kwa ajili ya nzi na vumbi. Tunafunga pakiti ndogo za Sh 1,000 tunauza hosteli na Ng'ong'ona. Hazitujazi mifuko, ila semista hii hakuna aliyekopa chumvi. Na Jumamosi zenyewe, wadau... mnarudi jioni mmejibana nyuma ya fuso, mdomo mtamu, mnaimba vibaya, mmoja anasimulia visa vya mwalimu wa hesabu mpaka dereva anacheka. Mie GPA yangu haijashuka. Jumatatu nikikaa kwenye kimbweta kupiga msuli kichwa kinafanya kazi, kwa sababu kina kitu kingine cha kufikiria zaidi ya hofu.

Nikimaliza mwezi wa 7 sendi Dar na bahasha. Tumekubaliana kukodi ekari moja. Ajira zikitangazwa nitaomba kama wengine, sina kiburi hicho, ila sitakaa nazisubiri. Najua soko la zabibu lina visa vyake, kuna misimu wakulima wamekosa wanunuzi mpaka vichala vikaozea shambani. Ndo maana tunakomaa na kukausha, maana zabibu kavu inaweza kusubiri soko. Najua pia mzabibu unataka zaidi ya mwaka ndo uanze kuzaa. Tunaweza tukashindwa. Lakini tukishindwa tutakuwa tumeshindwa huku tunaishi, na mikasi tutaijua.

Mjomba wangu alipiga simu juzi. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, halafu akaniuliza, "Mjomba, si ungebaki huku ulime bure, kuliko kutumalizia hela kwenda kulimia chuo kikuu?" Swali zuri na sitaki kumcheka. Yeye ana haki, kachangia ada. Nilimjibu kwa heshima kwamba chuo ndicho kilichonifundisha kuhesabu hasara kabla sijaipata. Hakuridhika. Tutaongea tena nikienda Kongwa, na nitambebea pakiti.

Kuna wanaosema haya ni maneno ya wenye migongo, kwamba mtoto wa maskini hawezi kuchezea njia zake, afuate foleni. Mie naona ni kinyume. Mwenye mjomba ofisini ndo foleni inamfaa, maana yeye hapangi. Sisi tusio na mtu mlangoni ndo tunaoambiwa tuahirishe kila kitu, ujana, urafiki, vipaji, kwa ajili ya mlango ambao hatujui kama utafunguliwa. Maskini ndiye asiye na miaka 3 ya kutupa.

Kwa wadogo zangu wa mwaka wa 1 mnaohangaika na vumbi la kutoka koleji moja hadi nyingine, nawaomba haya. Ingieni darasani, pepa zifanyeni, msidese maisha yote. Lakini tafuteni kitu kimoja ambacho mngekifanya hata kama hakuna anayewalipa, mkifanye LEO, kila wiki, kwa bidii ileile ya mtihani. Kushona, kurekebisha simu, kufuga kuku, kuandika, kukimbia, chochote. Kuweni na marafiki wa kweli. Pandeni ile milima ya mawe jioni mkaangalie jua linavyozama, ni bure. Na kama kuna zeze ukutani kwenu, litungueni sasa hivi.

Ile karatasi ya manila bado ipo mlangoni kwa jirani. Sijaichana, kila mtu ana uhuru wake. Ila mlangoni kwangu sijabandika kitu. Jumamosi mlango huo unafungwa saa 12 alfajiri, anayetaka kwenda Hombolo awahi, nafasi kwenye fuso zipo.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na namba.

Alamsiki.